Maisha ya John Browning, Fundi wa Bastola

Askari aliyewahi kuvuta kifyatulio cha bastola, akasikia nyundo ikigonga na risasi isitoke, hausahau ukimya ule. Akiitoa risasi hiyo na kuitazama nyuma, penye fataki, mara nyingi ataona alama ndogo isiyo na kina, kama iliyotiwa kwa ncha ya msumari. Pini imeigusa fataki, lakini haikuipiga. Katika historia ya silaha hakuna fundi aliyeushughulikia ukimya huo kwa bidii kama hayati John Moses Browning.

Browning alizaliwa tarehe 23 Januari, 1855, katika mji wa Ogden, Utah, huko Marekani. Baba yake, Jonathan, alikuwa mhunzi wa bunduki aliyehamia huko pamoja na waumini wenzake wa Kimormoni, na karakana yake ndiyo iliyokuwa shule ya kweli ya mtoto huyo. Jamaa zake husimulia kwamba alipokuwa na umri wa miaka 10 aliokota mtutu wa bunduki mbovu, akaufunga juu ya kipande cha ubao, akaenda porini na mdogo wake Matthew kuwinda ndege. Bunduki hiyo haikuwa na nyundo wala pini. Matthew ndiye aliyekuwa nyundo: John alilenga, naye Matthew akaiwasha baruti kwa kijiti chenye moto walichokiwasha kwa makaa waliyoyachukua katika kopo. Ndege walipatikana, na John akaangushwa chini kwa mrusho wa bunduki. Baba alipopata habari hakumpiga. Alimwuliza tu iwapo mvulana anayekaribia miaka 11 hawezi kuunda kitu bora kuliko kile. Yaelekea swali hilo lilimkaa moyoni.

Baba alifariki mwaka 1879, na mwaka huo huo John akapata hati yake ya kwanza ya uvumbuzi, kwa bunduki ya kupakia risasi moja moja. Mwaka 1883 mkubwa mmoja wa kampuni ya Winchester alisafiri hadi Ogden kumtafuta mtu aliyeiunda, akainunua haki ya bunduki hiyo kwa dola 8,000. Tangu hapo Browning hakupumzika. Hadi kufa kwake alikuwa amepata hati 128. Siku moja mwaka 1889, akiwa katika uwanja wa shabaha, aliona majani yakilazwa na upepo wa baruti utokao mtutuni. Wengine waliyaona majani hayo hayo bila kujali. Yeye aliona nguvu inayopotea bure, akaanza kuitumia kuendesha bunduki ya rashasha.

Lakini habari yetu ni bastola. Mwaka 1897 alipatana na kiwanda cha FN cha Herstal, karibu na mji wa Liège, Ubelgiji, na bastola yake ya kujipakia ikatokea ikiitwa modeli ya 1900. Ndani yake springi moja ilifanya kazi mbili: ilirudisha mbele kipande cha juu kinachoteleza baada ya kila risasi, tena ndiyo iliyoipa pini nguvu ya kupiga fataki. Ni akili ya ajabu, ingawa springi hiyo ikichoka, mambo mawili huharibika kwa pamoja.

Bastola iliyompa sifa kubwa zaidi ilikuwa ile ya milimita 11.43 aliyoiunda na kampuni ya Colt. Mapema mwaka 1911 jeshi la Marekani liliijaribu kwa risasi 6,000. Ilipopata moto mno ilichovywa majini, kisha ikaendelea kupigwa. Bastola ya Browning haikukwama hata mara moja, hali ya mshindani wake, Savage, ikikwama mara 37. Tarehe 29 Machi mwaka huo jeshi likaichagua.

Inafaa tutue kidogo hapa, kwa kuwa siri ya pigo lake imo katika kitu kidogo sana. Pini ya bastola ile ni fupi kuliko njia inamopita. Nyundo ikiwa imelala juu yake, ncha haiifikii fataki. Ni lazima nyundo iipige kwa nguvu, pini iruke yenyewe mbele, igonge, kisha springi yake ndogo iirudishe nyuma. Kwa hiyo nyundo ikisukumwa polepole haiwezi kulipua risasi. Lakini mpango huo una bei yake: pini husafiri kwa nguvu ya kuazima, na kila kiizuiacho njiani huila nguvu hiyo.

Ndiyo maana mafuta yaliyoganda, yakachanganyika na vumbi na chembe za shaba katika njia ya pini, huleta pigo hafifu katika silaha ambayo kwa nje yang'aa. Mafuta mengi si usafi. Springi ya nyundo iliyochoka nayo huleta aibu ile ile, na mbaya zaidi ni ile iliyokatwa na mtu aliyetaka kifyatulio kiwe chepesi. Kipande cha juu kisipofunga barabara, sehemu ya pigo hutumika kukisukuma mahali pake badala ya kulipua fataki. Na pengine kosa ni la risasi yenyewe: fataki ambayo haikukazwa hadi mwisho huzama inapopigwa mara ya kwanza, kisha hulipuka mara ya pili. Lakini ikiwa risasi za namna mbalimbali zinagoma, tusiwalaumu waliozitengeneza. Silaha ipelekwe kwa fundi wa kikosi. Na uwanjani, risasi ikigoma, mtutu ubaki umeelekea shabaha kwa muda wa nusu dakika kabla ya kuitoa, maana fataki nyingine huchelewa kuwaka.

Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, Browning alikubali dola 750,000 kwa haki za silaha zake, ingawa angaliweza kudai mamilioni. Baada ya vita Ufaransa ilitaka bastola yenye risasi nyingi. Katika ile ya majaribio aliyoiunda mwaka 1922 aliiacha nyundo, akaifanya pini isukumwe na springi yake yenyewe. Hakuishi kuiona ikikamilika. Tarehe 26 Novemba, 1926, moyo wake ulisimama akiwa kiwandani Herstal, alikokuwa akifanya kazi pamoja na mwanawe Val. Maiti yake ilirudishwa kuzikwa Ogden.

Hati ya bastola hiyo ilitolewa tarehe 22 Februari, 1927. Fundi wa Kibelgiji, Dieudonné Saive, aliyebuni magazini yake ya mistari miwili, aliendelea nayo kwa miaka mingi, akairudishia nyundo ya nje, na mwaka 1935 ikatoka kwa jina la Hi-Power, ikichukua risasi 13 katika magazini. Ufaransa iliyoitaka haikuichukua. Majeshi ya nchi zaidi ya 50 yaliichukua, na Uingereza haikuanza kuiondoa mikononi mwa askari wake hadi mwaka 2013.