Johannes Rebmann: Miaka 29 ya kuchoka bila kuacha kumsikiliza Mungu

Na Mwandishi Wetu, Chimala

MSAFIRI anayetoka Dar es Salaam kwenda Mbeya hupita Chimala, mji mdogo wa Wilaya ya Mbarali. Upande mmoja yametandazwa mashamba ya mpunga ya bonde la Usangu. Upande wa pili umesimama ukuta wa milima, ambao barabara ya Matamba huupanda kwa kona 57. Hapa ipo hospitali ya misheni ya Kanisa la Kristo, na kila Jumapili nyimbo husikika kutoka makanisa ya madhehebu mbalimbali.

Anayeyaona hayo anaweza kudhani kuwa Injili iliingia Afrika Mashariki kwa wepesi. Sivyo. Miongoni mwa waliotangulia yupo mtu aliyefanya kazi kwa miaka 29, akaondoka akiwa karibu kipofu, huku waumini aliowaacha wakiwa wachache mno. Mtu huyo ni Johannes Rebmann.

Rebmann alizaliwa Januari 16, 1820 katika mji wa Gerlingen, Württemberg, Ujerumani. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, kisha akajiunga na chama cha Kianglikana cha CMS cha Uingereza. Juni 1846, akiwa na umri wa miaka 26, alishuka Mombasa.

Alipokewa na Mjerumani mwenzake, Johann Ludwig Krapf, ambaye miaka miwili kabla alikuwa amemzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga katika pwani hiyo hiyo. Hivyo jambo la kwanza ambalo mgeni huyo alifunzwa kuhusu kazi yake lilikuwa kaburi. Agosti mwaka huo wawili hao walianzisha kituo cha Rabai, nyuma ya Mombasa, wote wakiwa wanasumbuliwa na homa.

Aprili 1848 Rebmann alianza safari ya kwenda Uchaga, akiongozwa na Bwana Kheri. Asubuhi ya Mei 11 aliona weupe juu ya mlima mrefu. Alipomuuliza kiongozi wake ni kitu gani kile, hakupata jina, bali alijibiwa kwamba ni baridi. Rebmann akatambua kuwa ni theluji. Walipopumzika alifungua Biblia mahali alipokuwa amefikia katika usomaji wake wa kila siku, akakutana na Zaburi ya 111, inayotukuza matendo ya Mungu na urithi wa mataifa. Akiwa ameukabili Mlima Kilimanjaro, aliyapokea maneno yale kama ahadi iliyoelekezwa kwake na kwa nchi aliyokuwa anaitazama.

Lakini ahadi ni kitu kimoja na utimilifu ni kingine. Habari ya theluji chini ya jua la ikweta ilipofika Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London aliikejeli na kuikataa. Ilibidi ipite zaidi ya miaka kumi kabla ya Baron Karl Klaus von der Decken kuuendea mlima huo, mwaka 1861 na 1862, na kuthibitisha kuwa Rebmann alisema kweli.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kumpata mwaka 1849. Rebmann alikuwa amekusudia kupita Uchaga na kuendelea hadi Unyamwezi. Alipofika Machame, Mangi Mamkinga alimpokonya bidhaa zake kidogo kidogo, hata ikawa hana tena cha kumvusha mbele. Amechoka, anaumwa, njia imefungwa, alishindwa kujizuia akalia mbele za watu. Wenyeji walidhani analilia mali. Akawaeleza kuwa sivyo: vitu vile vilitolewa na watu wema wa kwao ili Neno la Mungu liwafikie Waafrika wote, na sasa kusudi hilo limezuiwa. Alirudi Rabai kwa taabu, njiani akinyeshewa na mvua.

Hakusafiri tena kwenda Uchaga. Hapo ndipo maisha yake yalipogeuka. Badala ya kulazimisha mlango uliofungwa, aliketi Rabai na kusikiliza: kusikiliza Maandiko, na kusikiliza vinywa vya watu. Alijifunza lugha ya Wamijikenda na Kiswahili neno kwa neno. Kutoka kwa Salimini, mtu wa nchi ya Ziwa Nyasa aliyeletwa pwani kama mtumwa, aliandika kamusi ya lugha ya Kinyasa. Kazi hiyo haikuwa na shangwe, wala haikuleta idadi ya kupeleka katika taarifa za London.

Wakati huo wenzake walikuwa wanaondoka. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya, na Jakob Erhardt mwaka 1855. Rebmann alikuwa amemwoa Emma, mjane Mwingereza, mwaka 1851. Mtoto wao hakuishi, na mwaka 1866 Emma naye akafariki. Mume akabaki, wala hakurudi Ulaya hata kwa likizo. Macho yake yakaanza kufifia. Sir Bartle Frere alipozuru pwani mwaka 1873 kwa ajili ya kukomesha biashara ya watumwa, alimkuta mzee asiyeona vizuri, akiwa na kundi dogo la waumini.

Mwaka 1875 Rebmann alirejea Ujerumani, akisindikizwa na kijana Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gunja, mmoja wa waumini wa kwanza wa Rabai. Alikaa Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, akafariki Oktoba 4, 1876, akiwa na umri wa miaka 56.

Mbegu iliota baada ya mkulima kulala. Kamusi ya Kinyasa ilichapishwa mwaka 1877, wakati misheni za Waskoti zilikuwa zimekwisha kuingia nchi ya Nyasa. Rabai iligeuka kimbilio la watumwa waliotoroka, na mwanzoni mwa 1889 zaidi ya 1,400 kati yao walikombolewa rasmi. Mwaka 1891 Wamoravian na Wamisheni wa Berlin walipita njia ya Ziwa Nyasa hadi Rungwe na milima jirani, wakifungua ukurasa wa Ukristo katika Nyanda za Juu Kusini.

Wapo waliomlaumu Rebmann kuwa alikaa mno mahali pamoja na kutenda kidogo, na lawama hiyo haikosi hoja. Hata hivyo, mwamini aliyechoka leo, awe Chimala au Dar es Salaam, anaweza kujifunza kitu kwake. Biblia inasimulia kwamba nabii Eliya, alipotamani kufa jangwani, kwanza alipewa chakula na usingizi. Sauti ilikuja baadaye, tena kwa upole. Rebmann alipewa Zaburi moja mbele ya mlima, kisha miaka mingi ya ukimya. Aliichukulia ile Zaburi kuwa inamtosha, akaendelea na kazi iliyokuwa mbele yake.