Bi. Cameron na Banda la Kuku

Wapo wanaodhani kwamba apigaye picha kwa kujifurahisha hana budi kuwanyenyekea wale wanaolipwa. Mimi sikubaliani nao kamwe, na shahidi wangu ni Julia Margaret Cameron, mzaliwa wa Calcutta, Bara Hindi. Alikuwa na umri wa miaka 48, akiishi katika kisiwa cha Wight, Uingereza, binti yake alipomtunukia kamera Desemba 1863. Stoo ya makaa akaifanya chumba cha giza. Kuku wakafunguliwa waende zao, nalo banda lao likawa studio. Januari 1864 akafaulu kupata picha ya msichana mdogo. Majira ya kuchipua yalipokaribia na mchana ukarefuka, watumishi na majirani walikalishwa tuli mbele yake, naye mikono imemweusika kwa dawa. Hata Tennyson, malenga mashuhuri, hakusazwa baadaye.

Mabingwa walimcheka: picha zina ukungu, vioo vina alama za vidole! Yeye hakuona haya, wala hakubadili mtindo. Mwaka 1865 jumba la makumbusho la South Kensington, London, likazinunua picha hizo hizo. Alifariki Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, mnamo 1879. Huko nako alikuwa ameendelea kupiga picha.