Stevenson: Mgonjwa aliyewatungia watoto hadithi isiyozeeka

MZAZI au mwalimu anayetafuta riwaya ya kumpa mtoto wa umri wa miaka 10 hadi 13 ni nadra akose kutajiwa Treasure Island, au Kisiwa chenye Hazina kama ilivyoitwa ilipotafsiriwa kwa Kiswahili. Wanaomjua kijana Jim Hawkins na haramia Long John Silver ni wengi kuliko wanaomjua aliyewaumba. Robert Louis Stevenson alianza kuitunga hadithi hiyo akiwa na miaka 30, mwili umedhoofika kwa maradhi, bado akitegemea fedha za babake, na msomaji aliyemkusudia alikuwa mtoto mmoja tu.

Stevenson alizaliwa Novemba 13, 1850 mjini Edinburgh, Scotland, akiwa mtoto wa pekee wa Thomas na Margaret Stevenson. Ukoo wa babake ulikuwa wa wahandisi mashuhuri waliojenga minara ya taa za kuongozea meli katika pwani za Scotland. Babu yake, aliyeitwa pia Robert, ndiye aliyesimamia ujenzi wa mnara wa Bell Rock, uliosimamishwa juu ya mwamba unaofunikwa na bahari maji yanapojaa. Ilitarajiwa kwamba mjukuu angeifuata njia hiyo hiyo.

Lakini mtoto huyo alikuwa mgonjwa tangu utotoni. Kifua kilimbana, homa zilimwandama, na usiku mwingi aliupitisha macho akisomewa Biblia na kusimuliwa habari za kutisha na yaya wake, Alison Cunningham. Wazazi wanaohangaika kwa kuwa watoto wao wamechelewa kusoma huenda wakaliwazwa na habari kwamba Stevenson naye alichelewa. Hata hivyo, kabla hajaweza kusoma vyema alikuwa tayari anatunga. Alipokuwa na umri wa miaka sita, ami yake mmoja aliahidi zawadi kwa mtoto wa ukoo ambaye angeandika vizuri zaidi habari za Nabii Musa. Stevenson alisimulia, mamake akaandika, na zawadi akaipata.

Alipoingia Chuo Kikuu cha Edinburgh alisomea uhandisi ili kumridhisha babake. Mnamo 1871 alimfungulia moyo mzee huyo na kumweleza kwamba hakutaka minara wala bahari, bali uandishi. Walipatana asome sheria, angalau awe na kazi ya kutegemea. Alihitimu kuwa wakili mwaka 1875, na uwakili wenyewe karibu hakuufanya kamwe. Kati ya hapo walikuwa wamegombana vikali kuhusu dini, kwa maana kijana alikuwa ameiacha imani ya wazazi wake, jambo lililomuumiza sana Mzee Thomas.

Mwaka 1876 nchini Ufaransa alikutana na Fanny Osbourne, Mmarekani aliyemzidi umri kwa miaka kumi hivi, aliyekuwa na mume na watoto. Fanny aliporejea California, Stevenson alimfuata mwaka 1879 bila kuwaaga wazazi wake. Alivuka bahari kwa meli ya wahamiaji na kulikata bara la Marekani kwa garimoshi, na alipofika alikuwa hoi. Nusura afe. Babake alipopata habari, alisahau ugomvi na kumpelekea simu ya kumhakikishia pauni 250 kila mwaka. Fanny alikuwa amepata talaka, na wawili hao wakafunga ndoa mjini San Francisco mwezi Mei 1880. Pamoja na mke, Stevenson alipata mwana wa kambo, Lloyd, aliyekuwa na umri wa miaka 12.

Mtoto huyu ndiye chanzo cha kitabu. Majira ya joto ya mwaka 1881 familia ilikodi nyumba ndogo katika kijiji cha Braemar, Scotland. Mvua ilinyesha karibu kila siku na Lloyd akawa anaua wakati kwa kuchora na kupaka rangi. Stevenson alijiunga naye, na siku moja akachorwa ramani ya kisiwa cha kubuni, yenye vilima, ghuba na alama za mahali palipozikwa hazina. Kutoka kwa ramani hiyo wahusika walianza kujitokeza. Stevenson alianza kuandika sura moja kwa siku na kuisoma kwa sauti mbele ya familia nzima.

Lloyd alitoa sharti lake: wanawake wasiwemo. Ndiyo maana, isipokuwa mamake Jim mwanzoni, riwaya hiyo karibu haina mwanamke, na msichana anayeisoma leo ana haki ya kuuliza kwa nini. Msikilizaji wa pili hakutarajiwa. Mzee Thomas, mhandisi aliyekuwa amevunjwa moyo na mwanawe, alivutwa na hadithi kama mtoto. Yeye ndiye aliyeandika orodha ya vitu vilivyokutwa ndani ya kasha la baharia Billy Bones, na inasemekana ndiye aliyelipa jina jahazi la nahodha Flint. Baba na mwana walioshindwa kupatana kwa ajili ya minara na dini walipatanishwa na maharamia wa kubuni.

Mgeni mmoja, Alexander Japp, aliondoka na sura za kwanza mkobani na kumpelekea mhariri wa gazeti la vijana lililoitwa Young Folks. Hadithi ilianza kuchapishwa humo kwa mfululizo Oktoba 1881, huku mwandishi akiwa amejificha nyuma ya jina la Kapteni George North. Shida ni kwamba hakuwa amemaliza. Baada ya sura 15 mawazo yalikauka, na gazeti lilikuwa linasubiri. Alikwenda Davos, Uswisi, kutafuta hewa ya kutuliza mapafu yake, na huko maneno yakamrudia. Akaimaliza kama alivyoianza, sura moja kwa siku.

Wasomaji wa gazeti hilo hawakuichangamkia. Ni baada ya kutolewa kama kitabu mnamo Novemba 1883 ndipo ilipovuma, na inasimuliwa kwamba hata Waziri Mkuu William Gladstone alikesha akiisoma. Mchapishaji alimlipa Stevenson pauni 100, malipo yaliyomfurahisha mno. Ramani ya asili, hata hivyo, ilipotea ilipotumwa kwa wachapishaji, na ikambidi achore nyingine katika ofisi ya babake.

Nguvu ya kitabu hicho imo katika kile ambacho Stevenson alikataa kufanya. Vitabu vingi vya watoto vya zama zake vilikuwa mahubiri yaliyovikwa hadithi: mtoto mtiifu hutuzwa, mkaidi huadhibiwa. Jim Hawkins anatoroka ngomeni bila ruhusa, na utoro huo ndio unaowaokoa wenzake. Long John Silver, mpishi wa mguu mmoja mwenye kasuku begani, ni muuaji na mnafiki, lakini ni mcheshi, jasiri na mwenye kumpenda kijana huyo kwa namna yake. Mwishoni anatoroka na mfuko wa fedha, wala hanyongwi. Stevenson alichota nguvu za mhusika huyo kutoka kwa rafiki yake mshairi William Henley, aliyekuwa amekatwa mguu kwa sababu ya ugonjwa wa mifupa. Msomaji wa miaka 11 anaachiwa aamue mwenyewe amchukie Silver au amhurumie, na wengi hushindwa kuamua. Ni heshima kubwa kwa mtoto, na vitabu vinavyoitoa bado si vingi.

Kweli, msamiati wa merikebu na matanga unaweza kumkwaza mwanafunzi wa sasa. Sura ni fupi, 34 kwa jumla, na mwalimu akizisoma za mwanzo kwa sauti darasani, kama zilivyosomwa Braemar, ugumu huo hupungua.

Rider Haggard aliandika King Solomon's Mines, iliyotoka mwaka 1885, akishindana na kitabu hicho. Vyote viwili vilitafsiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson, ambaye baadaye alikuwa katibu wa kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kusanifisha Kiswahili cha Afrika Mashariki. Kwa hivyo Kisiwa chenye Hazina na Mashimo ya Mfalme Sulemani ni miongoni mwa riwaya za mwanzo kabisa kusomwa kwa lugha hii.

Stevenson aliendelea kuwaandikia vijana. Mashairi yake ya watoto, A Child's Garden of Verses, yalitoka mwaka 1885, na Kidnapped, inayowafaa zaidi waliokwisha kukomaa kidogo, ikafuata mwaka 1886. Babake alifariki mwaka 1887. Mwaka uliofuata Stevenson na familia yake walianza safari za bahari ya Pasifiki kutafuta afya, na hatimaye wakahamia Samoa, alikonunua shamba la zaidi ya ekari 300 mahali paitwapo Vailima.

Wasamoa walimwita Tusitala, yaani msimulizi wa hadithi. Hadithi yake ya The Bottle Imp, kuhusu chupa yenye pepo anayetimiza kila matakwa ya mwenyewe, ilichapishwa kwa Kisamoa mwaka 1891 katika jarida la wamishonari, na inasimuliwa kwamba baadhi ya wageni waliofika nyumbani kwake waliomba kuonyeshwa chupa hiyo. Aidha, alizishutumu waziwazi Ujerumani, Uingereza na Marekani kwa kuivuruga nchi hiyo, na machifu aliowasaidia walipokuwa kifungoni walimjengea barabara ya kufika kwake mwaka 1894.

Jioni ya Desemba 3 mwaka huo huo, alipokuwa akimsaidia mkewe kuandaa chakula, mshipa ulipasuka ubongoni na akaaga dunia baada ya saa chache. Alikuwa na miaka 44. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa akiandika riwaya ya Weir of Hermiston, ambayo haikumalizika. Wasamoa walikesha na maiti, kisha wakafyeka njia kwenye mwinuko wa Mlima Vaea na kumbeba mabegani hadi kileleni, alikotaka azikwe. Lloyd, aliyekuwa sasa na umri wa miaka 26 na ambaye naye alikuwa mwandishi, alikuwa miongoni mwa waliomsindikiza.