Reinhard Fabisch, kocha aliyekataa kuuza mechi

Wasomaji wetu wanaoikumbuka Kasarani ya 1987 hawahitaji kuelezwa marehemu Reinhard Fabisch alikuwa nani. Kwa wengine: ni Mjerumani, mzaliwa wa Schwerte mwaka 1950, aliyeifikisha Harambee Stars fainali ya Michezo ya Afrika jijini Nairobi. Misri ikashinda 1-0. Kenya ilimwita tena baadaye, zaidi ya mara moja.

Misri hiyohiyo alikutana nayo Cairo, Februari 1993, akiwa kocha wa Zimbabwe. Mashabiki walirusha mawe, naye akapigwa kichwani. Wenyeji walishinda 2-1, lakini FIFA ikafuta matokeo, mechi ikarudiwa Lyon, Ufaransa. Zimbabwe walihitaji sare tu, wakaipata. Kombe la Dunia la 1994 likawaponyoka Yaounde, walipolala 3-1 mbele ya Cameroon. Kenya nayo haijawahi kufika huko. Sisi tulio Doha tulilishuhudia la 2022 tukishangilia timu za wenzetu.

Lakini tunamkumbuka zaidi kwa mwaka wake wa mwisho. Akiwa na Benin kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika 2008 nchini Ghana, alieleza hadharani kwamba alifuatwa na mtu aliyetaka kumpa pesa ili mechi ipotezwe, akakataa. Timu dhaifu ndiyo hufuatwa, maana ikifungwa nani atashangaa? Benin ilipoteza zote tatu, bila kulipwa.

Saratani ilimuua Julai mwaka huohuo, akiwa na miaka 57.