Louis Braille na nukta sita

Louis Braille alizaliwa tarehe 4 Januari 1809 huko Coupvray, kijiji cha Ufaransa karibu na mji wa Paris. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi, mwenye kushona matandiko ya farasi. Siku moja Louis, mtoto wa miaka mitatu, aliingia mahali pa kazi ya baba. Akashika chuma chenye ncha cha kutobolea ngozi, akataka kufanya kama baba. Chuma kikateleza, kikamchoma jicho. Jicho likaharibika, na ugonjwa ukaingia hata katika jicho la pili. Alipofika miaka mitano alikuwa kipofu kabisa.

Wakati ule vipofu wengi waliishi kwa kuombaomba njiani. Wazazi wa Louis hawakutaka mtoto wao aishi hivyo. Baba alimchongea fimbo ya kupapasia njia, na padri wa kijiji akaanza kumfundisha. Kisha Louis akaingia darasani pamoja na watoto wenye kuona. Alisikiliza vizuri, akashika mengi kichwani. Lakini wenzake walipofungua vitabu, yeye alikaa mikono mitupu. Alitamani sana kusoma mwenyewe.

Mwaka 1819 alipelekwa Paris, katika nyumba ya masomo ya watoto vipofu. Huko vitabu vilikuwako, lakini vilikuwa vichache na vizito. Herufi zake zilikuwa kubwa, zimeinuka juu ya karatasi. Mtoto alipapasa herufi moja moja, polepole sana. Kuandika kulikuwa kugumu zaidi.

Mwaka 1821 Charles Barbier, aliyekuwa afisa wa jeshi, alileta maandiko mapya ya nukta zilizoinuka. Lakini alama moja iliweza kuwa na nukta 12, na kidole hakikuweza kuzigusa zote mara moja. Louis akaona kwamba nukta ni njia nzuri, ila lazima zipunguzwe.

Alikuwa na miaka 12 tu. Mchana alikuwa na masomo, muziki na kazi za mikono, wala hakuviacha. Basi alifanya kazi ya nukta usiku, wenzake walipolala. Alitoboa karatasi, akapapasa, akakosa, akaanza tena. Hata wakati wa likizo, nyumbani Coupvray, aliendelea. Chuma chenye ncha kilikuwa kimempofusha. Sasa chuma chenye ncha kikawa kalamu yake.

Ilimchukua miaka mitatu. Mwaka 1824, alipokuwa na miaka 15, alipata alama za nukta sita tu: tatu kushoto, tatu kulia. Nukta moja ya juu kushoto ni A. Ukiongeza moja chini yake, ni B. Kwa nukta hizo sita mtu aweza kufanya alama 63, na kila alama hutosha chini ya ncha ya kidole.

Louis akawa mwalimu katika nyumba ile ile, na mwaka 1829 alitoa kitabu cha kueleza maandiko yake. Lakini wakubwa wengi hawakuyapokea. Baada ya mwaka 1840 kiongozi mpya wa masomo aliyakataza. Wanafunzi wakaendelea kuyatumia kwa siri, kwa sababu waliona faida yake. Mwaka 1844 yalionyeshwa mbele ya watu wengi, nao wakastaajabu.

Louis alikuwa mgonjwa wa kifua kikuu kwa miaka mingi. Alikufa tarehe 6 Januari 1852, mwenye miaka 43. Miaka miwili baadaye masomo yake yaliyakubali maandiko yake rasmi. Leo vipofu wa dunia nzima huyasoma, hata kwa Kiswahili. Mwaka 1952 Wafaransa walihamisha mwili wake kwa heshima mpaka Panthéon, jengo la watu wakuu wao.

Watoto wengi vipofu walitamani kusoma kama Louis. Yeye aliongeza juu ya tamaa ile kazi ya kila usiku, nukta kwa nukta. Haba na haba hujaza kibaba.

Maulizo
1. Louis alipata upofu namna gani?
2. Kwa nini nukta 12 zilikuwa nyingi mno?
3. Louis alifanya kazi yake ya nukta saa gani? Kwa nini?
4. Wewe unatamani kujua nini? Utafanya nini kila siku ili ukipate?