Al-Jazari, Fundi Aliyeandika Alichokijaribu



Muhula uliopita nilikuwa maabara mbele ya jenereta ya mawimbi. Kazi yangu ilikuwa kupandisha mfuatano wa sifuri na moja juu ya wimbi, kisha kuutazama kwenye oskiloskopu. Picha haikutulia. Triga, yaani ishara inayokiambia chombo kianze sasa, haikuwa ikifika kwa wakati wake. Muda ulikuwa unakwisha. Rafiki akanisogezea majibu yake, nami nikashika kalamu ninakili. Ndipo nikamkumbuka al-Jazari.

Jina lake ni Abu al-Izz Ismail ibn al-Razzaz, na nisba yake yatokana na al-Jazira, nchi iliyo kati ya mito Furati na Tigris. Machache tunayoyajua juu ya maisha yake yametoka zaidi katika kitabu chake mwenyewe. Aliwatumikia watawala wa ukoo wa Artuqi huko Diyar Bakr: baba, kisha wanawe wawili. Wa mwisho, Nasir al-Din Mahmud, hakupenda mtumishi ammiminie maji ya udhu, basi al-Jazari akamtengenezea chombo cha kummiminia. Ndiye pia aliyemwagiza aandike aliyoyabuni. Kitabu kilikamilika mwaka 1206, kikiwa na vyombo 50 pamoja na michoro na maelezo ya kuviunda.

Mashuhuri kati yao ni saa ya tembo. Ndani ya tumbo la tembo mna maji, na juu yake linaelea bakuli lenye tundu dogo. Bakuli hujaa polepole na kuzama baada ya nusu saa. Likizama huvuta uzi, na uzi huachia goroli. Goroli hutoka mdomoni mwa kipanga, humwangukia nyoka kinywani, na uzito wake humwinamisha nyoka. Nyoka akishuka hulivuta bakuli juu, kisha goroli hulia chini, na mzunguko huanza upya. Hiyo ni triga kamili, bila umeme, zaidi ya miaka 800 iliyopita.

Hakuwadharau waliomtangulia. Aliwataja Banu Musa wa Baghdad na kuwaombea rehema. Hata hivyo alieleza kwa nini hakufuata njia yao katika chemchemi: maji yao yalibadilika umbo upesi mno, mtazamaji asipate kuyaona vizuri. Kwake, elimu ya ufundi isiyothibitishwa kwa vitendo ilikuwa bado katika shaka.

Nikaweka kalamu chini. Mtu huyu alijaribu kwanza, ndipo akaandika. Mimi nilikuwa tayari kuandika nisichokiona. Niliwasilisha ripoti yenye jedwali moja tupu, na alama zikapungua. Wiki iliyofuata nilirudi, nikakuta waya wa triga umechomekwa tundu silo. Nilipoubadilisha, picha ikatulia, na nikalijaza jedwali katika daftari langu, ingawa hakuna wa kulisahihisha.

Ndugu yangu, ripoti ya maabara ni ushahidi. Kesho daraja, dawa au mtambo utategemea namba ulizoandika wewe. Tuandike tulichokiona. Allah amrehemu al-Jazari, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.