Henry Ford: Aliuza magari milioni 15, akakataa kumsikiliza mwanawe

Umewahi kuandamana na wazazi hadi yadi kununua gari? Basi unajua vile mambo huwa. Baba anauliza gari linakula mafuta kiasi gani na spea zake ni bei gani. Mama anafungua mlango wa nyuma, anabonyeza kiti, anataka kujua kama watoto watatu watakaa bila kubanana. Nawe uko kule mbele, macho yote kwenye skrini ya dashibodi na rangi ya bodi. Saa moja baadaye bado mnabishana: Premio, Axio ama Allion?

Hayo ni maswali matatu: bei, starehe ya ndani na sura. Watengenezaji wa magari ya familia wamepigania majibu yake kwa karibu miaka 100 sasa. Na mtu wa kwanza kupigwa mweleka mkubwa katika vita hivyo ni jamaa ambaye jina lake bado unaliona puani mwa magari barabarani: Henry Ford. Alijibu swali la baba vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Hayo mengine mawili aliyapuuza, na aliyejaribu kumzindua alikuwa mtoto wake wa pekee.

Mtoto wa shamba

Ford alizaliwa Julai 30, 1863, kwenye shamba karibu na Dearborn, jimbo la Michigan, Marekani. Baba yake, William, alitarajia kijana huyo arithi jembe. Henry naye hakupenda kabisa kazi ya shamba. Alichopenda ni kufungua saa, kutazama vigurudumu vyake na kuzirudisha zikiwa zinafanya kazi. Mama yake, Mary, alifariki mwaka 1876, Henry akiwa na miaka 12.

Alipofika miaka 16 alienda mjini Detroit kujifunza kazi katika karakana za mashine. Mwaka 1888 alimuoa Clara Bryant, na mwaka 1891 akaajiriwa katika kampuni ya stima ya Edison mjini humo. Mchana alishughulika na mitambo ya stima, usiku akajifungia kwenye kibanda nyuma ya nyumba akiunda gari lake mwenyewe. Lilipokamilika Juni 4, 1896, kumbe mlango wa kibanda ulikuwa mwembamba! Ford alichukua shoka, akabomoa ukuta wa matofali, akalitoa. Mwanawe, Edsel, alikuwa na miaka miwili tu wakati huo.

Lakini usidhani alitoboa papo hapo. Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka 1899, ilikufa kabla ya kutimiza miaka miwili. Ya pili aliihama mwaka 1902 baada ya kukosana na wenye pesa, na kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Cadillac. Ya tatu, Ford Motor Company, ilisajiliwa Juni 16, 1903. Ford alikuwa anakaribia miaka 40. Kwa hivyo wewe uliye na miaka 24 na unalia ati umechelewa maishani, tulia kidogo.

Gari la kila mtu

Siku hizo gari lilikuwa kitu cha matajiri kujionyesha nacho. Ford alitaka mkulima na mfanyakazi wa kiwanda walimudu pia. Oktoba 1908 alitoa Model T kwa takriban dola 850. Lilikuwa gari jepesi, gumu, lililoinuka juu ili lipite kwenye matope, na mtu wa kijijini angeweza kulikarabati mwenyewe.

Mwaka 1913 alianzisha mtindo wa gari kusogea mbele ya wafanyakazi, kila mmoja akifunga kipande chake. Kazi ya kuunganisha chesisi iliyokuwa ikichukua zaidi ya saa 12 ikashuka hadi kama saa moja na nusu. Januari 1914 akatangaza mshahara wa dola 5 kwa siku, karibu mara mbili ya uliokuwepo. Bei ya Model T nayo ikazidi kuteremka, hadi miaka ya 1920 ungelipata kwa chini ya dola 300. Mwanzoni mwa miaka hiyo, zaidi ya nusu ya magari mapya yaliyouzwa Marekani yalikuwa Ford.

Sasa hebu ingia ndani ya gari hilo. Kama ni lile la wazi, mlango wa dereva haupo. Kuna mchoro wa mlango tu kwenye bati, kwa hivyo unapitia upande wa abiria. Ukitafuta pedali ya mafuta hutaipata, mafuta yanaongezwa kwa kijiti kilicho kando ya usukani. Unataka kujua umebakisha petroli kiasi gani? Simama, shuka, inua kiti, tumbukiza ufito kwenye tangi. Na kwa kuwa petroli ilishuka kwenye injini kwa uzito wake tu, ukikuta mlima mkali na tangi lina mafuta kidogo, ilibidi upande kinyumenyume. Mvua ikinyesha, kinga ya familia ni turubai. Rangi? Kutoka 1914 hadi 1925 ilikuwa nyeusi, basi.

Watu walivumilia yote hayo kwa sababu kabla ya hapo walikuwa wakitembea au kuendesha farasi. Ford akachukulia uvumilivu huo kuwa mapenzi ya milele. Inasimuliwa kuwa mwaka 1912, aliporejea kutoka ziara ya Ulaya, alikuta vijana wake wamemtengenezea Model T iliyoboreshwa, imeshuka chini kidogo na imepakwa rangi nyekundu inayong'aa. Walidhani atafurahi. Aliizunguka, akaitazama, kisha akaanza kung'oa milango na kuivunjavunja kwa mikono yake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi.

Mpinzani aliyeuza ndoto

Mwaka 1923 Alfred Sloan alichukua uongozi wa General Motors, wamiliki wa Chevrolet. Cadillac, ile kampuni aliyoihama Ford, nayo ilikuwa mikononi mwao. Sloan hakujaribu kumshinda Ford kwa bei ya chini, alijua hawezi. Badala yake alijiuliza kuhusu mtu ambaye tayari ana gari. Mtu huyo akirudi sokoni mara ya pili anataka nini? Jibu lilikuwa kwamba anataka kupanda ngazi.

Basi akaipanga ngazi. Chevrolet chini, Cadillac juu kabisa, na nyingine katikati, kila mfuko na saizi yake. Sura ya magari ikawa inabadilishwa mara kwa mara ili la jirani lionekane jipya na lako lionekane kuukuu. Rangi mpya zinazokauka haraka zikaanza kutumika kwenye magari ya mwaka 1924, na mwaka 1927 akaajiriwa Harley Earl, mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuchora magari yapendeze macho.

Kulikuwa pia na suala la malipo. Tangu 1919 General Motors ilikuwa na kampuni ya mikopo, kwa hivyo mteja alichukua gari na kulipa mdogo mdogo. Ford alichukia madeni. Mpango wake wa 1923 ulikuwa kama chama: weka dola 5 kila wiki, ukishafikisha bei yote ndipo upewe gari. Fikiria mwenyewe. Jirani anapita akipiga honi kwenye Chevrolet ya mkopo, nawe bado unahesabu wiki zilizobaki.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa paa na vioo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 magari mengi yalikuwa ya wazi. Kisha kampuni ya Hudson ikateremsha sana bei ya gari lake lililofungwa, Essex, na wateja wakaonja utamu wa kusafiri wakati wa baridi bila kuganda. Kufikia 1927, zaidi ya magari manane kati ya kila 10 yaliyouzwa yalikuwa ya kufungwa. Model T iliundwa iwe nyepesi, na injini yake ya nguvu farasi 20 ilihema ikibebeshwa bodi nzito yenye vioo. Ndani ya gari ndimo ushindani ulimohamia, na humo Ford hakuwa na silaha.

Edsel

Edsel Ford alikuwa rais wa kampuni tangu 1919, akiwa na miaka 25. Cheo kilikuwa chake, amri zilikuwa za baba. Alikuwa mpole, aliyependa michoro, sanaa na vitu vilivyotengenezwa kwa ustadi. Aliona mapema kwamba familia sasa zinataka zaidi ya magurudumu manne na bei nafuu. Kila alipoligusia jambo hilo, mzee alifunga mazungumzo. Kwake, rangi na mito ya viti ilikuwa udhaifu.

Januari 1926, shemeji yake Edsel, Ernest Kanzler, aliyekuwa mkuu katika kampuni hiyo, alimwandikia mzee waraka wa kurasa sita. Alianza kwa heshima zote, kisha akasema ukweli: wapinzani wanakua, sisi tunarudi nyuma, na watu humu ndani wanaogopa kukuambia. Kabla ya mwaka kwisha, Kanzler alikuwa amefutwa kazi.

Lakini hesabu haifutwi kazi. Mauzo yaliendelea kushuka hadi mzee akasalimu amri. Mei 26, 1927, Henry na Edsel waliketi pamoja ndani ya Model T ya milioni 15 ilipotoka kiwandani. Baada ya hapo uzalishaji ukasimamishwa, na gari la kuchukua nafasi yake halikuwa tayari! Viwanda vilifungwa kwa miezi. Makumi ya maelfu ya wafanyakazi wakabaki bila kazi, na wauzaji wakakaa kwenye maduka matupu. Mwaka huo Chevrolet iliuza takriban magari milioni moja na kuchukua namba moja.

Desemba 2, 1927, Model A ilizinduliwa na watu wakafurika kuitazama. Mitambo ilisimamiwa na mzee, sura na sehemu ya ndani zikasimamiwa na Edsel. Ilikuwa na rangi kadhaa, breki kwenye magurudumu yote manne na kioo cha mbele kisichopasuka vipande vya kukata watu. Na ndiyo, sasa ungesoma kiwango cha petroli kwenye dashibodi bila kuinua kiti. Kufikia 1929 Ford ilikuwa imerudi kileleni, na karibu magari milioni 5 ya aina hiyo yakatengenezwa.

Ungedhani baada ya hapo baba angemkumbatia mwanawe na kumwachia usukani. Wapi! Miaka iliyofuata alimwamini zaidi Harry Bennett, mkuu wa walinzi aliyejulikana kwa mabavu, kuliko Edsel. Masikio hayohayo yaliyozibwa yalimpeleka pabaya kwingine pia. Gazeti alilolimiliki lilieneza chuki dhidi ya Wayahudi kwa miaka kadhaa, hadi alipoomba radhi hadharani mwaka 1927. Hilo doa halijafutika, na ukisoma habari za ufanisi wake usiliruke.

Chevrolet ilirudi mbele mwaka 1931 na kuongoza kwa muda mwingi wa muongo huo. Edsel alipata nafasi ya kuonyesha kipaji chake kwenye magari ya Lincoln, na Continental ya mwishoni mwa miaka ya 1930 bado inasifiwa na wapenzi wa magari. Lakini alikuwa anaugua. Alifariki kwa saratani ya tumbo Mei 26, 1943, akiwa na miaka 49. Tarehe ileile, miaka 16 kamili tangu akae na baba yake kwenye ile Model T ya kuagana.

Mzee, akikaribia miaka 80, alirudi kwenye kiti cha urais akili ikiwa imechoka na kampuni ikivuja pesa. Mwaka 1945 aliachilia, akamkabidhi mjukuu wake, Henry wa Pili, mtoto wa Edsel, aliyekuwa na miaka 28. Henry Ford alifariki Aprili 7, 1947, akiwa na miaka 83. Usiku huo mafuriko yalikuwa yamekata stima nyumbani kwake. Mtu aliyewahi kuajiriwa na kampuni ya stima aliaga dunia kwa mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta.

Swali lako sasa

Vita havikuisha. Mwaka 1950 Eiji Toyoda wa Toyota alizuru kiwanda cha Ford cha River Rouge kujifunza, akarudi Japan na daftari lililojaa. Ford Taurus iliongoza mauzo ya magari ya familia Marekani kuanzia 1992 hadi 1996, ikabadilishwa sura na kufanywa ya duaradufu ndani na nje, wateja wengine wakaikataa, na mwaka 1997 Toyota Camry ikapita. Mwaka 2020 Ford iliacha kutengeneza Fusion, gari lake la mwisho la aina hiyo kwa soko la Marekani. Aliyefundisha wengine kazi aliondoka uwanjani.

Kwa hivyo siku nyingine mkiwa kwenye yadi na mzee akakwambia unyamaze, rangi na viti si kitu, mweleze habari za Ford kwa adabu. Kisha nawe ujichunge. Leo wewe ndiye Edsel unayelalamika kuwa husikilizwi. Miaka 20 ijayo utakuwa na duka, ofisi au familia yako, na kijana fulani atakuja na gari jekundu ulilokuwa hujaliagiza. Usianze kung'oa milango.